Neti za Kivuli Zinazouzwa Dodoma: Tathmini kwa Mkuza Miche Anayejali Mizizi

Neti ya kivuli imekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya pembejeo ya Dodoma, na joto la Oktoba linapopanda watu wengi huiulizia hata kabla ya kuuliza mbegu. Tathmini hii inahusu aina nne ambazo mnunuzi anaweza kukutana nazo katika maduka ya Majengo na kandokando ya barabara kuu zinazoingia mjini: nyeusi nzito inayozuia asilimia 75 ya mwanga, nyeusi ya asilimia 50, nyeusi nyepesi ya asilimia 35 ambayo haipatikani katika kila duka, na ile ya kijani ambayo mara nyingi huuzwa bila namba yoyote. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo. Kwa miche ya mboga na matunda inayokuzwa hapa kwetu, neti ya asilimia 35 ndiyo inayostahili fedha, ya asilimia 50 inafaa kwa siku chache za mwanzo tu, ya kijani niliyoitumia siipendekezi kwa kitalu, na ya asilimia 75 ina kazi moja tu ya maana, ambayo nitaieleza mbele. Sababu ya hukumu hii haionekani kwa macho mpaka mche ung'olewe, kwa kuwa iko chini ya udongo.

Muuzaji wa kawaida atakushauri kinyume. Niliponunua zangu, kijana wa dukani alinisihi kwa nia njema kabisa: "Chukua hii nzito, mama, jua letu hili litakuunguzia miche yote." Hofu hiyo ina msingi. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka anga huwa haina mawingu ya kutosha kupunguza ukali wa jua. Mapema Oktoba, wakati ambao wengi wetu tunaanza kusia mbegu ili miche iwe tayari mvua za Desemba zitakapotulia, jua la adhuhuri linasimama karibu sawasawa na utosi, na mwanga wake unafika takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Mche wenye majani mawili ya mwanzo, katika udongo unaokauka saa chache baada ya kumwagiliwa, unahitaji kusaidiwa. Suala la kuamua ni kiasi cha msaada huo na muda wake, na hapo ndipo wauzaji na wanunuzi wengi wanapopitiliza.

Nilizifunga neti zote nne huku Mkonze juu ya matuta yaliyopangwa sambamba, kila tuta na neti yake, na tuta la tano nikaliacha wazi likiwa na matandazo ya nyasi peke yake. Udongo ulikuwa mmoja, samadi moja, maji ya kipimo kimoja asubuhi na jioni. Nilisia nyanya na pilipili hoho kwenye matuta yenyewe, na mipapai kwenye viriba vilivyopangwa pembezoni mwa kila tuta. Miche ilipofikia umri wa kuhamishwa, nilichukua michache kutoka kila tuta, nikailoweka kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ukaachia wenyewe, kisha nikaitandaza juu ya gunia jeupe ili nione kile ambacho kila neti ilikuwa imekijenga.

Ukiitazama kwa juu, miche ya chini ya neti ya asilimia 75 ndiyo iliyovutia kuliko yote. Ilikuwa mirefu, ya kijani laini, yenye majani mapana, na jirani aliyepita alidhani ndiyo iliyopata mbolea zaidi. Ndani ya ndoo mambo yaligeuka. Mizizi yake ilikuwa michache, myembamba kama nyuzi, na mzizi mkuu haukuwa umeshuka hata nusu ya kina ulichofika ule wa tuta la asilimia 35. Huko kwenye asilimia 35 mashina yalikuwa mafupi na manene, pingili zimekaribiana, na mizizi ya pembeni ilikuwa mingi, myeupe, imeshikilia udongo kiasi kwamba ilinibidi kuusugua kwa vidole ndipo utoke. Tuta lililoachwa wazi lilipoteza miche mingi katika siku za mwanzo, lakini ile iliyosalia ilikuwa na mizizi iliyokaribia kulingana na ya asilimia 35. Hali ya pilipili hoho na mipapai haikutofautiana sana na ya nyanya.

Tofauti hii ina maelezo yake, na anayetaka kutumia fedha vizuri ni vyema ayafahamu. Mzizi hautengenezi chakula chake. Kila kipande cha mzizi kinachoongezeka ardhini kimejengwa kwa sukari iliyotengenezwa na jani kwa nguvu ya mwanga, ikashushwa kupitia shina. Mwanga unapopungua sana, sukari inapungua, na mmea hauugawi upungufu huo kwa usawa. Kile kidogo kilichopo hupelekwa zaidi kwenye shina na majani ili mmea ufike mahali penye mwanga, na mizizi hubaki ikingoja. Wakati huohuo mwanga wa bluu unapokuwa hafifu, vipokezi vya mmea viitwavyo kriptokromu, ambavyo kazi yao mojawapo ni kulizuia shina lisirefuke ovyo, vinalegeza kizuizi hicho. Mche unaosifiwa sokoni kwa urefu wake kumbe ni mche unaoutafuta mwanga kwa gharama ya mizizi yake.

Kwa mtu wa Tanga au Bukoba, ambako mvua inagawanyika katika sehemu kubwa ya mwaka, mche wenye mizizi haba huenda ukapata muda wa kujirekebisha baada ya kupandwa. Dodoma haina nafasi hiyo. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, nao unakatishwa na siku kavu zinazoweza kufuatana hadi tabaka la juu la udongo likawa vumbi. Mche ambao mizizi yake inaishia kwenye tabaka hilo unanyauka katika kipindi cha kwanza cha ukavu, na mkulima hulaumu mbegu. Miti iliyozaliwa na ardhi hii imejipanga vingine kabisa. Mche wa mgunga huwahi kushusha mzizi mrefu kabla haujawa na majani ya kujivunia, na mche wa mbuyu hujijengea mzizi mnene wenye akiba ya maji na chakula ukiwa bado mdogo sana. Huwa natamani kila anayekuza miche ya kuuza angeing'oa michache na kumwonyesha mteja mizizi kabla ya kutaja bei.

Neti ya kijani inahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu wengi huinunua kwa imani kwamba rangi yake inafanana na ya mimea na hivyo haiwezi kuidhuru. Neti nyeusi hupunguza rangi zote za mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Plastiki ya kijani hufanya kazi tofauti: inanyonya sehemu kubwa ya nyekundu na bluu, ambazo ndizo jani linazitegemea zaidi, na kupitisha zaidi kijani pamoja na ile nyekundu ya mbali ambayo jicho la binadamu huiona kwa shida sana. Mmea una kipokezi kiitwacho fitokromu chenye kupima uwiano wa nyekundu, ya urefu wa mawimbi wa nanomita 660 hivi, na nyekundu ya mbali, ya nanomita 730 hivi. Chini ya majani ya mmea mwingine uwiano huo hushuka, kwa kuwa majani yamekula nyekundu na kuiacha ile ya mbali ipite. Hivyo mche ulio chini ya neti inayoshusha uwiano huo hupata habari kwamba umezungukwa na majirani wanaoshindania mwanga, nao unaanza kurefuka.

Habari hiyo haiishii kwenye shina. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walionyesha, kwa kutumia mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, kwamba nyekundu ya mbali ikiangukia sehemu ya juu tu ya mmea, mizizi ya pembeni hupungua chini ya ardhi, ingawa mizizi yenyewe haikuguswa na mwanga huo. Protini iitwayo HY5 ndiyo inayohusika. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti mwingine juu ya mmea huohuo ulikuwa umeonyesha kwamba protini hiyo husafiri kutoka kwenye shina hadi mizizini na kuiamsha mizizi ivute nitrojeni zaidi. Sidai kwamba nyanya ya Mkonze hufuata kila hatua ya mmea wa maabara. Ninachosema ni kwamba miche yangu ya chini ya neti ya kijani ilirefuka kuliko ile ya chini ya nyeusi ya asilimia 50, na mizizi yake ya pembeni ilikuwa haba, kwa hiyo sioni sababu ya kuilipia.

Anayekuza saladi kwa ajili ya hoteli za mjini ana sababu ya ziada ya kuiepuka. Mbegu za aina nyingi za saladi husubiri mwanga ndipo ziote. Mwaka 1952, Harry Borthwick na Sterling Hendricks pamoja na wenzao, wakiwa Beltsville katika jimbo la Maryland nchini Marekani, walieleza jinsi mwanga mwekundu unavyoziamsha mbegu hizo na jinsi mwanga wa nyekundu ya mbali unavyolifuta agizo hilo, hata ukibadilishana nao mara nyingi, na kwamba mwanga wa mwisho ndio unaoamua. Mbegu ya saladi iachwe karibu kabisa na uso wa udongo, kivuli chake kiwe cheusi na chepesi, na maji yawe ya kupoza udongo, kwa maana joto kali nalo huizuia kuota.

Jinsi ya kuifunga neti ina uzito sawa na aina yake. Mabanda mengi ninayoyaona hapa Dodoma yamefungwa neti juu na pande tatu, upande mmoja ukiachwa wazi kwa ajili ya kupita. Baada ya siku chache miche yote inakuwa imelalia upande huo. Charles Darwin na mwanawe Francis walilieleza jambo hili mwaka 1880 baada ya kuvifunika ncha vichipukizi vya nyasi na kuona kwamba vilivyofunikwa havikupinda, ijapokuwa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Ncha inauhisi mwanga na kutuma ujumbe. Katika miaka ya 1920, Mholanzi Frits Went aliukusanya ujumbe huo katika vipande vya agari, yaani jeli itokanayo na mwani, na leo tunaujua kuwa ni homoni iitwayo auksini. Vipokezi vya mwanga wa bluu viitwavyo fototropini vinapoona mwanga umetoka upande mmoja, auksini hukusanyika upande wenye giza, seli za huko hurefuka zaidi, na shina linainamia kwenye mwanga.

Mche uliopinda hivyo hupandwa ukiwa umepinda, na pepo zetu za kiangazi hazina huruma na shina la namna hiyo. Dawa ni kuifunga neti juu peke yake, au kuacha pande zinazotazamana zote wazi, na kuvizungusha viriba mara kwa mara. Kumbuka pia kwamba jua la Dodoma halikai upande mmoja mwaka mzima: mwezi Juni hupita kaskazini mwetu, na Desemba hupita kusini. Banda la kudumu linalomridhisha mwenyewe mwezi Juni linaweza kuacha mstari mzima wa viriba juani ifikapo Desemba.

Mzizi wenyewe una uhusiano wake na mwanga, na kwa kawaida ni wa kuukimbia. Hupinda kuelekea chini kwa kuhisi mvuto wa dunia, kwa msaada wa punje za wanga zinazotuama katika seli za ncha yake, na katika mimea mingi iliyochunguzwa mwanga wa bluu ukiuangukia kutoka upande mmoja unageukia upande wa pili. Ndiyo maana ninawasihi wanaopanda miche katika makopo na chupa angavu za maji ya kunywa wavitumie viriba vyeusi, au angalau wavifunike vyombo hivyo kwa gunia au tope. Katika chombo angavu mizizi huukwepa ukuta unaopitisha mwanga, mwani huota kwenye udongo wenye unyevu, na mmea hupoteza nguvu kwa jambo lisilo na faida. Kiriba cheusi nacho kina kasoro, kwa kuwa kinaposimama juani upande mmoja huwa cha moto, lakini hiyo hutatuliwa kwa kuvipanga viriba vikiwa vimesongamana na kuuzungushia ukingo wa udongo mstari wa nje.

Sasa ile kazi moja ya neti ya asilimia 75. Anayeotesha vipando vya zabibu, zao linaloutambulisha mkoa wetu na lenye kituo chake cha utafiti huko Makutupora, anashughulika na kijiti kisicho na mzizi hata mmoja. Kijiti hicho kikianza kuchipua majani hupoteza maji ambayo hakina namna ya kuyarudisha, na hapo kivuli kizito kina maana. Mizizi ikishatoka na kipando kikaanza kusimama chenyewe, neti hiyo iondolewe, kwa kuwa mzabibu ni mmea wa jua. Nje ya kazi hiyo, neti ya asilimia 75 ni nzuri kwa banda la kuku au mahali pa kupumzika watu.

Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe, kuna neti zilizofumwa kwa vitanzi na zilizosukwa kwa nyuzi zinazopishana tu. Za kufumwa hazifumuki zikikatwa kwa mkasi. Za kusukwa huanza kuachia nyuzi kwenye ukingo mara upepo unapozishika, kwa hiyo lazima zikunjwe na kushonwa pembeni. Ulizia kama plastiki imetiwa kinga dhidi ya mionzi ya jua, maana isiyo nayo hukakamaa na kuvunjikavunjika. Vumbi letu nalo huongeza kivuli bila mtu kujua, na neti iliyokaa msimu wa kiangazi bila kuoshwa huzuia mwanga zaidi ya namba yake. Kuikunja mara mbili neti ya asilimia 50 hakuleti kivuli kamili kama wengine wanavyodhani: tabaka la kwanza hupitisha nusu, la pili hupitisha nusu ya nusu hiyo, na miche inabaki na robo tu ya mwanga.

Lalamiko langu kubwa ni kuhusu huduma. Neti huuzwa kwa mita, kibandiko chenye namba hubaki kwenye jora, na jora likiisha nacho hupotea. Katika duka mojawapo niliuziwa kipande nilichohakikishiwa kuwa cha asilimia 50, kumbe kilikuwa kizito zaidi. Niligundua kwa njia ambayo mtu yeyote mwenye simujanja yenye kihisi cha mwanga anaweza kuitumia palepale dukani. Pakua programu ya kupima laksi, toka nje juani, soma kipimo, kisha unyooshe neti juu ya simu bila kuibadilisha mkao na usome tena. Kipimo cha pili kikiwa nusu ya kile cha kwanza, hiyo ni asilimia 50. Simu haina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha vipimo viwili vya mahali pamoja na dakika ileile inatosha. Duka jingine lilinikubalia kufanya kipimo hicho bila kununa na likanikatia pia sampuli ya kila aina, na huko ndiko niliporudi kununua zilizobaki.

Atakayenunua ya asilimia 35 aifunge juu ya waya unaoruhusu kuivuta na kuirudisha, isipigiliwe misumari. Siku za mwanzo, mbegu zikichomoza, iwe imefunikwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na asubuhi na jioni miche ipate jua lote. Majani mawili ya kweli yakishatoka, muda wa kufunika upunguzwe, na katika siku 7 hadi 14 za mwisho kabla ya kuhamishwa neti ibaki wazi muda mrefu zaidi kila siku, huku maji yakipunguzwa kidogo bila kuuachia mche ukanyauka. Jani lililokua kivulini ni jembamba, na kloroplasti zake, yaani vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza sukari ndani ya seli, zimejitandaza kupokea kila chembe ya mwanga. Likitolewa ghafla kwenye jua la adhuhuri linapauka na kuungua, ingawa kwa kawaida kloroplasti hujaribu kujisogeza kwenye kuta za pembeni za seli ili kuukwepa mwanga mkali. Jani likizoeshwa polepole hupata unene na kinga linayoihitaji, na sukari inayoongezeka kwa kila saa ya jua huteremka kwenye mizizi. Neti ya asilimia 50 ikiwa ndiyo pekee iliyopo dukani, ratiba ni hiyohiyo, ila mwanzo wa kuivuta uwe mapema zaidi, mara tu majani ya kweli yanapoonekana, na siku yenye mawingu isifungwe kabisa.